Umewahi kushikwa na polisi na unaomba ukaazi wa Kanada? Usifiche

Katika dawati letu la ushauri, wanaotaka ukaazi wa kudumu wa Kanada huuliza kwanza habari za ada, za alama na za mtihani wa Kiingereza. Wakishasimama kuondoka ndipo linatoka swali lililowaleta: niliwahi kushikwa na polisi, niandike au ninyamaze?

Andika. Fomu ya Kanada haiishii kuuliza kama umewahi kuhukumiwa. Inauliza pia kama una kesi inayoendelea, na kama umewahi kuzuiliwa au kufungwa katika nchi yoyote ile. Aliyelala seli usiku mmoja akatolewa asubuhi bila kushtakiwa hudhani swali hilo halimhusu, lakini linamhusu. Akijibu "la" na ukweli ukajulikana, atahesabiwa kuwa amedanganya, na adhabu yake ni kufungiwa mlango wa Kanada kwa miaka 5. Mara nyingi jambo lenyewe lingeelezwa kwa barua ya ukurasa mmoja likaisha. Inauma kuona mtu akipoteza miaka hiyo kwa sababu wakala alimwambia "hawatajua". Kanada hubadilishana taarifa za uhamiaji na Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Isitoshe, aliyetia sahihi ni wewe, si wakala.

Kuwa na rekodi hakumaanishi moja kwa moja kukataliwa. Afisa wa uhamiaji hachukui uzito wa kosa kama lilivyo katika sheria zetu. Hulilinganisha na sheria za Kanada: kitendo hiki kingefanyika kwao, kingekuwa kosa gani, na adhabu yake ya juu ni ipi? Hapo ndipo watu hushangaa. Mchuuzi aliyetozwa faini na kaunti kwa kuuza mitumba bila leseni huja akitetemeka, ilhali hilo si kosa la jinai kule. Naye dereva aliyenaswa na alkoblow, kile kipimo cha pombe cha barabarani, akalipa faini mahakamani na kurudi kazini mchana ule ule, huja bila wasiwasi wowote. Yeye ndiye mwenye kibarua kigumu. Tangu tarehe 18 Desemba 2018, adhabu ya juu ya kuendesha gari ukiwa umelewa nchini Kanada ni kifungo cha miaka 10, na kwa sababu hiyo kosa hilo huingizwa kwenye fungu la makosa makubwa. Faini yako ilikuwa ndogo kiasi gani, hilo halibadilishi fungu.

Hata huyo ana njia. Miaka 5 ikishapita tangu amalize adhabu yote, faini ikiwemo, anaweza kuomba atambuliwe kuwa amerekebika. Si ombi la kujaza na kusubiri tu. Inambidi aonyeshe maisha yake yamebadilika vipi: kazi, familia, matibabu kama tatizo lilikuwa pombe.

Kama kesi iliondolewa au uliachiliwa huru, nenda masjala ya mahakama iliyoisikiliza ukaombe nakala ya uamuzi iliyothibitishwa. Faili za zamani huchukua muda kupatikana, kwa hiyo anza hapo kabla ya mambo mengine yote.

Sasa vyeti. Kanada hutaka cheti cha polisi kutoka kila nchi uliyokaa miezi 6 mfululizo au zaidi katika miaka 10 iliyopita, ukiacha muda wa kabla hujafikisha miaka 18. Cha nchi unayoishi sasa kisiwe kimetolewa zaidi ya miezi 6 kabla ya ombi. Ukialikwa kupitia Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuchagua wafanyakazi wenye ujuzi kwa alama, una siku 60 za kuwasilisha kila kitu.

Kwa Kenya, cheti hicho huitwa cha tabia njema na hutolewa na DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Ombi huanzia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha unachapisha fomu ya C24, mbele na nyuma kwenye karatasi moja, na kwenda nayo kuchukuliwa alama za vidole. Kila kidole hupakwa wino na kuviringishwa toka ukingo mmoja wa ukucha hadi wa pili. Fundi wa mawe, mkulima, mama anayefua nguo za watu kwa mikono, vidole vyao huwa vimelika na alama hutoka madoa yasiyosomeka. Ukiweza, pumzisha mikono siku chache na uipake mafuta usiku, kisha uioshe na kuikausha vizuri kabla ya wino. Alama ikitoka vibaya, mwombe afisa airudie papo hapo. Ni haki yako, na ni nafuu kuliko kurudishiwa fomu baada ya wiki kadhaa.

Wanaosumbuka zaidi ni waliowahi kufanya kazi Ghuba. Ukiwa bado Dubai, Doha au Riyadh na kitambulisho chako cha ukaazi hakijaisha, cheti cha polisi kinapatikana kwa urahisi zaidi. Ukisharudi Mombasa, unakitafuta kwa mbali, kupitia balozi na alama za vidole za kutumwa, na kikiwa cha Kiarabu lazima kitafsiriwe na mfasiri anayetambulika. Anayekaribia kumaliza mkataba akichukue kabla ya kuondoka, hata kama wazo la Kanada bado ni la mezani tu. Cheti cha nchi uliyokwisha kuihama hakichakai, mradi kimetolewa baada ya ukaazi wako kule kwisha. Kwa hiyo ukikichukua ukiwa bado kule, kichukue siku za mwisho kabisa, tarehe ya kuondoka iwe karibu kadiri iwezekanavyo na tarehe iliyo kwenye cheti, na ujue kwamba Kanada inaweza bado kukuomba kingine kilichotolewa baada ya kuondoka.