Je, wajua kwa nini muuguzi alitaka kupimwa ugonjwa uliokwisha kupita?

Corona ilipoingia Uganda mwaka 2020, kipimo kilichojulikana na kila mtu kilikuwa kile cha kijiti puani. Madereva wa malori walikisubiri mpakani Busia na Malaba, kisha wakasubiri tena majibu. Kijiti kinatafuta kirusi chenyewe: leo kipo au hakipo. Wahudumu wa afya walikuwa na swali jingine, ambalo kijiti hakiwezi kulijibu: je, kimeshanipitia?

Chukua muuguzi wa kituo cha afya karibu na mpaka. Mgonjwa wa kwanza nchini, msafiri aliyetua Entebbe, alitangazwa 21 Machi 2020. Kabla mwezi haujaisha mabasi yamesimama, boda haziruhusiwi kubeba abiria, na kafyu inaanza saa moja jioni. Yeye bado anakwenda kazini, pengine kwa miguu. Barakoa leo ipo, kesho haipo. Mwezi wa nne anashikwa na homa siku tatu, kichwa kinagonga, viungo vinauma. Anameza dawa ya malaria, anapona. Wiki mbili baadaye mama mkwe anaanza kukohoa.

Usingizi unakatikia hapo. Homa ile ilikuwa malaria kweli? Bombani majirani wanampisha kuliko inavyohitajika. Nyumbani anavua viatu nje, analala peke yake, mtoto hampakati. Ugonjwa una siku zake, ukiisha umeisha. Mashaka hayana tarehe ya kuisha.

Wala hofu yake si ya kusimuliwa. Daktari Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, Gulu, aliyeongoza mapambano dhidi ya Ebola, aliuawa na Ebola hiyo hiyo tarehe 5 Desemba 2000. Na baadaye, Ebola iliporudi kupitia Mubende mwaka 2022, wahudumu wa afya 19 waliambukizwa, 7 wakafa. Uganda mhudumu wa afya anajua kwamba kazi inaweza kumfuata hadi nyumbani.

Kipimo cha kingamwili kilikuja na ahadi ya kumaliza mashaka hayo. Kirusi kikiingia, mwili hutengeneza protini za kukikamata, nazo ndizo kingamwili. Kwa corona, kwa kawaida huonekana kwenye damu wiki moja hadi tatu baada ya dalili kuanza, na huweza kubaki miezi mingi kirusi kikiwa kimeshaondoka. Ni kama nyayo za matope sebuleni: mgeni humwoni, lakini alipita. Tone la damu ya kidole, kikaseti cha plastiki, dakika chache za kusubiri, kisha mstari mmoja kingamwili zisipoonekana, au miwili zikionekana.

Na mistari hiyo Waganda wanaijua vizuri, pengine vizuri mno. Kipimo cha haraka cha VVU nacho hutafuta kingamwili, si kirusi. Ndiyo maana hakiwezi kuthibitisha kwamba mtoto mchanga ameambukizwa kabla hajatimiza miezi 18: huenda kinachosomwa ni kingamwili alizopewa na mama yake tumboni. Tofauti ni kwamba VVU haviondoki mwilini, kwa hiyo mistari miwili maana yake kirusi kipo. Kwa corona, mistari ile ile inasema kirusi kilipita. Muuguzi anaielewa tofauti hiyo na anaweza kuifundisha darasani. Lakini akitazama damu yake mwenyewe, moyo hausubiri somo.

Kuna hesabu pia, na hapa ndipo wengi walipotelezea. Tuseme watu 1,000 wanapimwa, na walioambukizwa kweli ni 20 tu, kama inavyoweza kuwa mwanzoni mwa mlipuko. Kipimo kinawanasa 90 katika kila 100 walioambukizwa, na kinawapa majibu ya uongo 5 katika kila 100 wasioambukizwa. Kinaonekana kizuri, sivyo? Katika wale 20 kitawapata 18. Katika wale 980 wazima kitawapa 49 mistari miwili bila sababu. Jumla ni watu 67 wanaoamini kirusi kimewapitia, na 49 kati yao wamedanganywa. Tena Afrika kulikuwa na nongwa ya ziada: damu iliyohifadhiwa tangu kabla ya corona ilipopimwa, baadhi ilitoa majibu chanya, na malaria ilitajwa miongoni mwa vyanzo vya mkanganyiko huo.

Basi majibu yalifanya nini moyoni? Mistari miwili huweza kuleta pumzi ndefu: kumbe nilipigwa nikasimama. Pumzi hiyo hiyo huweza kugeuka kujilaumu: kumbe ni mimi niliyemletea mama. Mstari mmoja nao si habari njema kama unavyodhani. Aliyekuwa ameweka matumaini kwenye homa ya mwezi wa nne anaambiwa bado yuko uwanjani bila ngao. Na ngao yenyewe ilikuwa na shaka. Tarehe 24 Aprili 2020 Shirika la Afya Duniani lilionya dhidi ya kuwapa watu hati za kinga, kwa kuwa wakati huo hapakuwa na ushahidi kwamba mwenye kingamwili hawezi kuambukizwa tena. Aliyevua barakoa kwa sababu ya mistari miwili alikuwa amekisoma kipimo zaidi ya kilivyosema.

Kwa maoni yangu, kumpa mhudumu kikaseti bila mazungumzo ni kumwongezea mzigo. Dawa yake ilikuwa hapo hapo Uganda siku zote. TASO, shirika la Uganda la kuwasaidia wanaoishi na VVU, lililoanzishwa mwaka 1987, lilijijengea jina kwa ushauri nasaha, na upimaji wa VVU nchini ukazoea kwenda na maongezi: kabla ya kipimo unaulizwa utafanya nini majibu yakiwa hivi au vile, na baadaye unakaa tena na mtu. Muuguzi wetu amewahi kuwakalisha wengine kwenye benchi hilo. Yeye nani alimkalisha?

Tarehe 10 Machi 2021 Uganda ilianza kuchanja, wahudumu wa afya wakiwa mstari wa mbele, kwa chanjo ya AstraZeneca. Chanjo hiyo hufundisha mwili kutengeneza kingamwili dhidi ya miiba iliyo juu ya kirusi. Kwa hiyo kikaseti kinachotafuta kingamwili za miiba kingemwonyesha mistari miwili hata kama kirusi hakijawahi kumgusa. Ili kujua kuhusu ile homa ya mwezi wa nne angehitaji kipimo kinachotafuta kingamwili za sehemu ya ndani ya kirusi, ambayo haimo kwenye chanjo. Na mwaka ulikuwa umepita. Hata hizo huenda zilikwisha kufifia.