Kirusi cha Morogoro si Lassa, hata kipimo kiking'aa

Wiki hii nimeulizwa mara ya nne. Safari hii aliyeuliza ni mzee anayeturuhusu kutega panya kwenye shamba lake la mahindi, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye tuta nafungua mtego wa bati, akaja na simu, akaniwekea sauti iliyorushwa kwenye grupu la familia yao: Lassa, ile homa ya kirusi cha panya inayoua watu Afrika Magharibi, imeshaingia Tanzania, panya wa Morogoro wote wanayo, wataalamu wanajua ila wameufyata. Akazima simu. "Mwanangu, na wewe unajua?"

Imeniuma, kwa sababu nimeshaeleza hili mpaka koo limekauka. Basi naliandika.

Panya aliyekuwa ndani ya ule mtego ni panya shamba, Mastomys natalensis. Mgeuze tumbo utamtambua: jike ana safu mbili ndefu za chuchu, zinaweza kufika 24, na uzazi mmoja huangusha watoto kumi na zaidi. Vuli ikinyesha vizuri anaanza kuzaa mapema, na msimu unaofuata wakulima wanalia. Huyu si yule panya mweusi wa darini. Wala si panya buku, ambaye hapa Morogoro anafundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu.

Panya shamba wa Morogoro wana kirusi, na hakuna anayekificha. Kilitangazwa mwaka 2009 katika kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na wenzao wa Ulaya, kikaitwa kirusi cha Morogoro. Mwaka 2015 kikatangazwa kingine, cha Gairo. Vyote ni virusi vya kundi la arena, kundi lile lile la Lassa, ambayo ilitambuliwa mwaka 1969 na kupewa jina la mji mdogo wa Nigeria. Msumbiji nako kuna Mopeia. Ni ndugu, sawa. Lakini ndugu wa mwizi hafungwi kwa kosa la kaka yake.

Uvumi huu una mlango mmoja mkubwa unaopitia, nao ni kipimo. Tunachukua tone la damu ya panya, tunalikausha kwenye karatasi, na kule maabara tunatafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili huzitengeneza kupambana na kirusi. Kwa miaka mingi kipimo tulichotumia kimetengenezwa kwa seli zenye virusi vya Lassa au Mopeia. Damu ya panya wa Morogoro ukiiweka juu ya seli za Lassa, chini ya darubini zinang'aa kijani. Zinang'aa kweli, nimeziona. Maana yake si kwamba panya ana Lassa. Virusi hivi vinafanana kiasi kwamba kingamwili ya kimoja inamshika na ndugu yake. Kipimo kinakwambia ukoo, hakikwambii jina. Jina unalipata kwa kusoma vinasaba vya kirusi chenyewe, na vinasaba vilivyosomwa hapa vimetoa Morogoro na Gairo. Mtu akiandika "damu imeonyesha Lassa" bila kusema ni kipimo gani, ameshawasha moto.

Swali la pili la mzee lilikuwa zuri kuliko sauti yote ya kwenye simu: kama panya ni yule yule kutoka Afrika Magharibi mpaka hapa, kwa nini Lassa isitembee naye? Jibu ni kwamba si yule yule kabisa. Panya shamba wana koo, zilizoachana zamani, na kila ukoo una eneo lake. Lassa iko kwa ukoo wa magharibi. Hapa kwetu ukoo wenye kirusi cha Morogoro na ule wenye kirusi cha Gairo wanakutana kwenye ukanda mwembamba ndani ya mkoa huu huu. Wanakutana, wanazaliana, hakuna mto wala mlima wa kuwatenganisha, na bado kila kirusi kinaishia pale ukoo wake unapoishia. Kama kirusi kinashindwa kuvuka mpaka ule wa panya na panya, msiniambie kimepanda basi kutoka Nigeria.

Sasa nikiri jambo. Hakuna mgonjwa aliyethibitishwa kuugua kwa kirusi cha Morogoro, na nikiwa maabara sentensi hiyo inanitosha. Nikiwa zahanati ya kijijini, hainitoshi. Homa ngapi zinaitwa malaria, zinatibiwa, zinapona au haziponi, na damu haijawahi kupimwa kirusi chochote cha panya? Hata Lassa yenyewe, karibu wanane kati ya kumi walioambukizwa wanaugua kidogo au hawaoni dalili. Kwa hiyo nasema "hakijaonekana", na neno hilo silibadilishi kuwa "hakiwezi". Kima wa maabara waliopewa Mopeia hawakuugua, na baadaye walistahimili Lassa. Hilo linanipa moyo, lakini kima wachache si kijiji kizima.

Linaloniudhi zaidi ni homa ya mgunda kuingizwa humu. Wakati wa mlipuko wa Lindi mwaka 2022 niliambiwa mara kadhaa ni "kirusi cha panya". Ni bakteria! Inakuja kwa mkojo wa wanyama kwenye maji na matope, na ikiwahiwa inatibika kwa antibayotiki za kawaida. Mtu akiamini ni kirusi kisicho na dawa anabaki nyumbani na majani ya mwarobaini, figo zinakwisha. Ukipata homa baada ya kushinda kwenye majaruba, mwambie daktari ulikuwa kwenye majaruba.

Na sumu? Inapunguza panya kwa muda. Waliobaki wanazaa, na watoto wapya hawana kinga, kirusi kinapata pa kuanzia.

Tulipomaliza, mzee alirudi kwenye ghala lake na ufagio wa chelewa. Sakafu ilikuwa kavu, mavi ya panya yametapakaa, na alishainama kufagia. Nikamkimbilia. Usifagie kikavu, vumbi lile ndilo unalolivuta. Nyunyiza maji yenye jiki, subiri, kisha ufute kwa kitambaa, mkono ukiwa umevikwa hata mfuko wa nailoni. Akaniuliza, "Ingawa si Lassa?"

"Ingawa si Lassa, mzee."

Akaenda kuchota maji.