Stesheni isiyo na reli, na mengine yanayodhaniwa kuhusu safari ya Dartmouth

Mjini Dartmouth, kwenye kaunti ya Devon kusini-magharibi mwa Uingereza, kuna jengo la stesheni ukingoni mwa maji. Mgeni akiliona hudhani reli iling'olewa zamani, kama zilivyong'olewa reli nyingi ndogo za nchi ile. Haikung'olewa, kwa sababu haikuwahi kuwekwa. Hakuna treni iliyowahi kufika pale hata siku moja.

Mpango wa awali ulikuwa kuvusha reli juu ya mto Dart kwa daraja, pale Greenway, hadi mjini. Mwenye ardhi akapinga, reli ikabaki ng'ambo ya pili, ikaishia Kingswear mwezi Agosti 1864. Dartmouth ikajengewa stesheni yake hivyohivyo: unakata tiketi, unapanda kivuko, treni unaikuta ng'ambo. Aliyewahi kusukumana kwenye feri ya Likoni hahitaji kuelezwa zaidi. Jengo hilo sasa ni mkahawa, na kivuko bado kinavusha abiria.

Hicho kivuko ni kipande kimoja tu cha safari ya siku nzima inayopendwa sana na watalii: treni ya mvuke kutoka Paignton, mji wa pwani wenye fukwe, hadi Kingswear, kiasi cha kilomita 11, kivuko hadi Dartmouth, boti kupanda mto hadi mji wa Totnes, kisha basi la kurudi Paignton.

Wengi huamini treni hii ni ya enzi za Malkia Victoria. Njia, ndiyo. Vichwa vya treni, hapana. Kile kiitwacho Hercules kiliundwa mwaka 1920, na Lydham Manor mwaka 1950, wakati reli za Uingereza zilikwisha kutaifishwa. Hata reli yenyewe si ileile: mwanzoni ilikuwa na upana wa milimita 2,140, zaidi ya mara mbili ya ile reli ya mita moja iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896. Mwaka 1892 ilipunguzwa ikawa milimita 1,435, upana uleule wa SGR ya kwetu. Kwa hiyo anayesema SGR ni kipimo cha kisasa, naye ana lake la kusahihishwa.

Dhana nyingine ni kwamba wanaoiendesha ni watu wa kujitolea, kwa mapenzi ya mvuke tu. Si hivyo. Hii ni kampuni ya biashara, iliyoichukua njia kutoka kwa shirika la reli la serikali mwishoni mwa 1972. Utata unatokana na Totnes, ambako kuna treni nyingine ya mvuke, iendayo Buckfastleigh. Hiyo ndiyo ya taasisi ya hisani yenye watu wa kujitolea. Usishuke kwenye boti ukadhani tiketi yako inakubalika kule.

Sasa boti. Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi, na mimi huwaona wa bara ndio wanaokasirika. Wanasikia "mto" na wanategemea ratiba moja, mathalani saa nne kila asubuhi. Lakini Dart kutoka Totnes hadi baharini si mto kama Tana kule juu Garissa. Ni bonde la kale lililomezwa na bahari, na maji yake hujaa na kupwa mara mbili kwa siku hadi kwenye kizuizi cha maji kilichoko Totnes. Maji yakipwa, sehemu za juu hubaki tope na mkondo mwembamba. Boti husubiri maji, na kwa kuwa kujaa husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50 kila siku, saa ya kuondoka nayo husogea. Leo asubuhi, wiki ijayo alasiri. Siku nyingine mzunguko hupangwa kinyume: basi kwanza, boti katikati, treni mwisho. Mvuvi wa Pate au Kilwa, anayejua bamvua na maji mafu tangu utotoni, angeisoma ratiba ile bila kuuliza mtu. Kampuni hutoa jedwali la tarehe kwa tarehe. Litazame kabla hujakata tiketi ya kitu kingine chochote siku hiyo.

Tena, si kila boti pale ni ya mvuke. Nyingi ni za dizeli, na mtu akipanda mojawapo huku akitafuta moshi atashuka amenuna. Ya mvuke ni Kingswear Castle, yenye magurudumu mawili ya kupiga maji ubavuni, inayochoma makaa ya mawe. Iliundwa Dartmouth mwaka 1924, lakini injini yake ni ya 1904: ilitolewa kwenye boti ya kwanza yenye jina hilohilo. Mwili wa ile ya kwanza umelala ukioza kando ya mto huohuo, si mbali na Totnes. Moyo wake unafanya kazi ndani ya mwingine.

Halafu kuna ushauri utakaopewa na kila mtu: "Ukitoka Paignton, kaa kushoto, ndiko iliko bahari." Ni kweli hadi ufuo wa Goodrington na kidogo baada yake, treni ikipanda mlima na ghuba yote ikafunguka. Baadaye unaingia kwenye handaki la Greenway, na ukitoka, maji yamehamia kulia: mto, mashua zilizotia nanga, nyumba za rangi za Dartmouth ng'ambo. Behewa likiwa na nafasi, hama ukiwa bado ndani ya giza.