Masharti "Yapo Pale Chini" Hayamfungi Mteja Asiyeyaona

Wiki hii amekuja tena ofisini kwangu hapa Mwanga, Kigoma, mfanyabiashara anayeuza mawese na dagaa mtandaoni, akiamini kwamba mnunuzi aliyegoma kulipia gharama za kurudisha mzigo amefungwa na masharti ya tovuti. "Wakili, si yapo pale chini?" Nilifungua tovuti yake kwa simu yangu. Picha za madumu na magunia zilipita moja baada ya nyingine, ndipo mwisho kabisa, chini ya alama za mitandao ya kijamii, tukayakuta maneno mawili ya rangi ya kijivu: Vigezo, Masharti.

Hiyo ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka ridhaa ya hiari, na mtu hawezi kuridhia asichokiona wala kuarifiwa. Hata Marekani, ambako ndiko wengi wananakili masharti yao, mwaka 2002 mahakama ya rufaa ilikataa kuwafunga watu waliopakua programu ya Netscape, kwa kuwa masharti yalikuwa chini ya kitufe cha kupakulia, na mwaka 2014 kampuni ya kuuza vitabu ya Barnes & Noble nayo ikashindwa, ingawa kiungo cha masharti kilikuwa katika kila ukurasa. Ninachoshauri, na nimechoka kukirudia, ni kisanduku kitupu ambacho mnunuzi atakitia tiki mwenyewe kabla ya kubofya kitufe cha kulipia, kiungo cha masharti kikiwa kando yake, pamoja na kumbukumbu inayoonyesha nani alikubali, lini na toleo lipi. Kisanduku chenye tiki tayari kinaonyesha ridhaa ya mwenye tovuti peke yake.

Wanaodai kwamba bila sahihi ya wino na mhuri hakuna mkataba, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ilikwisha kuwajibu. Wanaoandika "tunaweza kubadili masharti haya wakati wowote bila taarifa" wasitarajie kumdai mteja wa jana kwa sharti la leo asiloarifiwa.

Ama huyu wa mawese, aliyenakili masharti ya kampuni ya kigeni neno kwa neno, alikuwa amekubali kwamba mgogoro wake na mnunuzi wa Kasulu utaamuliwa na mahakama za California. Nilipomsomea kifungu hicho, aliniuliza kama itamlazimu kwenda mwenyewe.