Je, Wajua Wanasayansi Huionaje Metali Ndani ya Seli Iliyo Hai?

Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 za chuma, gramu 2 hivi za zinki, na shaba kidogo mno, karibu sehemu ya kumi ya gramu moja. Ukipima kwa uzito, utadhani ni vitu vya kupuuzwa. Lakini bila chuma damu haibebi oksijeni, na bila shaba na chuma mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, haiwezi kuitumia oksijeni hiyo hata ikifika. Nayo zinki, atomi moja tu iliyokaa katikati ya kimeng'enya kiitwacho kaboniki anhidrasi, huwezesha molekuli zipatazo milioni moja za kaboni dayoksaidi kubadilishwa kwa sekunde moja. Hicho ndicho kichocheo: kinaharakisha mmenyuko wa kikemia, kinatoka kikiwa kilekile, kinaanza tena.

Sasa, mtafiti anawezaje kuiona metali hiyo ikiwa kazini, ndani ya seli ambayo bado inaishi?

Njia inayomjia mtu upesi ni kuyeyusha tishu kwa asidi kali na kuipitisha kwenye mashine inayohesabu atomi. Njia hiyo ipo na ni sahihi sana. Itakupa jumla ya chuma na jumla ya shaba. Lakini seli imeshakufa, na huna tena namna ya kujua metali ilikuwa upande gani, ilishikwa na protini ipi, na ilikuwa inahama kutoka wapi kwenda wapi. Wanaosoma kemia ya metali katika viumbe wanayataka hasa hayo.

Kwa hiyo wanakemia wakatengeneza vichunguzi. Kichunguzi cha kikemia ni molekuli ndogo yenye sehemu mbili zilizounganishwa: moja ya kushika metali, nyingine ni rangi ambayo ikimulikwa kwa mwanga wa aina moja hutoa mwanga wa aina nyingine. Metali ikishikwa, mwanga unabadilika, na hadubini inauona. Nieleze kidogo kinachotokea pale, kwa kuwa ndipo penye utamu. Chukua kichunguzi cha zinki. Sehemu ya kushika ina atomi za naitrojeni zenye jozi za elektroni zisizo na kazi. Rangi inapomulikwa, elektroni moja kutoka naitrojeni huirukia, na nishati ambayo ingetoka kama mwanga inapotea bila kuonekana. Zinki inapoingia, inazikamata elektroni zile za naitrojeni na kuzituliza. Hakuna tena cha kurukia rangi, na rangi inawaka.

Aliyefungua njia hii kwa namna iliyobadilisha biolojia nzima ni Roger Tsien, mkemia Mmarekani, ambaye baadaye, mwaka 2008, alishiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi ya protini inayong'aa kijani. Kabla ya hapo alikuwa akihangaika na kalsiamu. Seli iliyotulia huwa na kalsiamu ya nanomola 100 hivi ndani yake, wakati nje mkolezo unazidi milimola 1, yaani mara elfu kumi. Kalsiamu ikiingia kidogo tu, msuli unakaza au neva inapitisha ujumbe. Tatizo la Tsien lilikuwa kwamba molekuli inayoshika kalsiamu vizuri inahitaji vikundi vya asidi vyenye chaji hasi, na kitu chenye chaji nyingi hakipenyi utando wa seli, ambao ni wa mafuta.

Suluhisho lake la mwaka 1981 linanifurahisha hadi leo kila ninapolifikiria. Alizifunika zile asidi kwa vikundi vidogo vya esta. Molekuli iliyofunikwa haina chaji, kwa hiyo inapenya utando bila shida. Ndani ya seli kuna vimeng'enya ambavyo kazi yao ni kukata esta za kila namna, navyo vinavikata vifuniko vyote. Chaji zinarudi. Kichunguzi sasa kinaweza kushika kalsiamu, na pia hakiwezi kutoka tena. Seli yenyewe imekitayarisha na kukifungia ndani.

Mwaka 1985 kikafuata kichunguzi fura-2. Hiki humulikwa kwa miale miwili ya urujuanimno, ya nanomita 340 na nanomita 380. Kalsiamu ikishikwa, mwanga unaotokana na mwale wa kwanza unaongezeka na ule wa mwale wa pili unapungua. Mtafiti anagawanya mmoja kwa mwingine. Kwa kufanya hivyo, haijalishi tena kama seli moja ilimeza rangi nyingi kuliko jirani yake, maana wingi wa rangi unafutika kwenye hesabu na kinachobaki ni kalsiamu. Yeyote anayesoma picha za namna hii na aulize kwanza: je, mng'ao huu ni wa metali, au ni rangi iliyorundikana mahali pamoja tu? Makosa mengi katika fani hii yamezaliwa hapo. Kipimo cha kujikinga kipo: unamwagia seli molekuli inayoshika metali hiyo kwa nguvu kuliko kichunguzi, na kama mng'ao haupungui, hukuwa unatazama metali.

Zinki imetoa onyesho lililosambaa kuliko yote. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, wakiongozwa na Teresa Woodruff na Thomas O'Halloran, walionyesha kwamba yai la panya likirutubishwa hutema zinki nje kwa milipuko. Baadaye walihesabu kwamba yai hilo lina vifuko kama 8,000, kila kimoja kikiwa na atomi za zinki zipatazo milioni moja. Mwaka 2016 walilionyesha jambo hilo kwa mayai ya binadamu, ingawa humo hawakutumia mbegu za kiume; waliyaamsha mayai kwa njia za maabara. Habari ikaenea duniani kwamba uhai unapoanza, yai hutoa mwale wa mwanga. Sivyo. Yai halitoi mwanga wowote. Linatoa zinki, na mwanga ni wa kichunguzi kilichowekwa kwenye maji yanayolizunguka. Kwangu ukweli huo ni mkubwa kuliko uvumi: seli moja inaamua kutupa mabilioni ya atomi za metali, na kwa kuzitupa inaruhusiwa kuanza kugawanyika.

Zinki ni nyepesi kuonwa kwa sababu elektroni zake zote zimekaa wawiliwawili. Shaba yenye chaji mbili na chuma cha kawaida cha seli vina elektroni zilizo peke yake, nazo hunyonya nishati ya rangi iliyo karibu na kuizima. Yaani kichunguzi kinashika chuma barabara, kisha kinazimika. Kutafuta mahali palipopungua mwanga ndani ya seli yenye giza na vivuli vyake ni kazi ngumu, na inadanganya sana.

Kisha kuna ugumu wa pili, mkubwa zaidi. Seli haiachi metali hizi zizurure. Mwaka 1894 Henry Fenton, mkemia wa Uingereza, alieleza kwamba chuma kikichanganywa na hidrojeni peroksidi huwa na nguvu kubwa ya kuoksidisha asidi ya tartariki. Leo tunajua kinachozalishwa humo ni radikali za hidroksili, ambazo hushambulia karibu kila molekuli iliyo mbele yake, DNA ikiwemo. Seli hutengeneza hidrojeni peroksidi kila siku, kwa hiyo chuma au shaba iliyo huru ni hatari ya kudumu. Ndiyo maana protini maalumu huipokezana shaba, kama wakimbiaji wanavyopokezana kijiti, tangu inapoingia hadi inapofika kwenye kimeng'enya kinachoihitaji. Mwaka 1999 O'Halloran, Valeria Culotta na wenzao walikadiria shaba huru katika seli ya hamira. Jibu lilikuwa chini ya ioni moja kwa seli nzima.

Sasa mtengenezaji wa kichunguzi afanye nini? Kichunguzi kinachoshika kwa nguvu kitainyang'anya protini shaba yake, na mtafiti atakuwa anapiga picha ya wizi alioufanya mwenyewe. Kinachoshika kwa ulegevu hakitaona kitu. Na hata kikipatikana cha katikati, metali hazishikiki sawa. Harry Irving na Robert Williams walieleza mwaka 1953 mpangilio ambao karibu kila molekuli ya kushika huufuata: manganizi hushikwa kwa ulegevu kuliko zote, kisha chuma, kobalti, nikeli, na shaba ndiyo inayoshikwa kwa nguvu zaidi, halafu zinki inarudi chini yake. Kichunguzi cha manganizi kwa hiyo kiko hatarini kunyakuliwa na zote zinazoifuata.

Hapa ndipo wanakemia walipobadili mawazo, na kwa maoni yangu hii ndiyo hatua bora kabisa katika historia ya vichunguzi. Badala ya kuuliza metali inashikwa na nini, waliuliza inafanya nini. Metali ndani ya seli ina tabia zake: hii hutoa elektroni, ile huvunja kifungo fulani. Tengeneza rangi iliyozimwa kwa kifungo ambacho metali unayoitafuta ndiyo inayoweza kukivunja, kisha ngoja. Maabara ya mkemia Christopher Chang huko Berkeley, Marekani, ilitangulia kuonyesha nguvu ya fikra hii kwa hidrojeni peroksidi, kwa kuzima rangi kwa kikundi cha boroni ambacho peroksidi hukiondoa. Kwa chuma, wenzao wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walikopa siri ya dawa za malaria za jamii ya artemisini. Dawa hizo zina oksijeni mbili zilizoshikana, na chuma chenye chaji mbili huvunja mshikano huo. Mwaka 2016 walichapisha kichunguzi chenye mshikano wa namna hiyo. Chuma kikipita, kinauvunja na kuendelea na safari. Hakijafungwa popote, na alama ya kupita kwake inabaki.

Ukishafika hapo, hatua inayofuata inakuja yenyewe. Kama metali inaweza kuvunja kifungo na kuondoka, inaweza kuvunja kingine, na kingine. Mwaka 2007 Kazunori Koide na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walitengeneza kichunguzi cha metali iitwayo paladiamu kwa msingi huo. Paladiamu hutumika sana viwandani kutengenezea dawa, na mabaki yake lazima yapimwe kabla dawa haijamfikia mgonjwa. Walichukua rangi ya jamii ya fluoresini, wakaizima kwa kikundi cha alili, ambacho paladiamu hukikata. Atomi moja ya paladiamu huamsha molekuli nyingi za rangi, kwa hiyo hata kiasi kidogo mno kinajitangaza kwa mwanga mwingi. Metali inayotafutwa ndiyo kichocheo cha kipimo chake.

Lakini geuza jambo hilo upande wa pili. Paladiamu na metali nyingine iitwayo rutheniamu hazina kazi yoyote inayojulikana katika mwili wa binadamu. Ukiziingiza kwenye seli, zinaweza kufanya mmenyuko ambao hakuna kimeng'enya cha seli kinachoufanya. Mwaka 2006 Craig Streu na Eric Meggers walitumia rutheniamu kukata kifuniko cha rangi ya rodamini ndani ya seli hai za binadamu, na seli zikang'aa. Mwaka 2011 kundi la Chuo Kikuu cha Edinburgh likaingiza chembe za paladiamu zilizonaswa ndani ya tufe ndogo za plastiki. Mwaka 2014 watafiti wa Edinburgh wakaonyesha kwamba rangi inaweza kubadilishwa na dawa: waliifunika dawa ya saratani, fluorourasili, ikawa haidhuru, kisha paladiamu iliyowekwa kando ya seli za saratani ikaifunua palepale. Mtu akiweza kuweka metali ndani ya uvimbe tu, sumu ya dawa itazaliwa ndani ya uvimbe tu. Haijawa tiba ya hospitali, ila naamini ni lengo linalostahili miaka ya kazi.

Kizuizi kikubwa ni salfa. Seli imejaa glutathioni, molekuli ndogo yenye salfa, kwa mkolezo unaoweza kufika milimola 10, na salfa yake huigandamia paladiamu au rutheniamu hadi kichocheo kinakufa. Kundi la Thomas Ward wa Basel, Uswisi, limeijibu hoja hii kwa kuipa metali nyumba ya protini. Wanaunganisha rutheniamu na biotini, vitamini ambayo protini iitwayo streptavidini huishika kwa nguvu isiyo na mfano, na metali inakaa ndani ya shimo la protini hiyo. Mwaka 2016 walieleza jinsi walivyoiweka streptavidini hiyo katika bakteria E. koli, si katikati ya seli bali katika nafasi iliyo kati ya tando zake mbili, ambako glutathioni ni chache. Mmenyuko waliouchagua, metathesisi, ambapo molekuli hubadilishana vipande kwenye vifungo viwili vya kaboni, ulimletea Robert Grubbs na wenzake wawili Tuzo ya Nobel ya mwaka 2005, na hauna kimeng'enya cha asili kinachoufanya. Zao lake walilipanga liwe umbeliferoni, molekuli inayong'aa. Hivyo waliweza kubadilisha jeni za streptavidini, kukuza bakteria wa kila badiliko, kusoma ni wapi mwanga umezidi, na kuwachukua hao kwa mzunguko unaofuata.