Kigoma haina cha kuuza nje? Maneno ya mtaani na ukweli wa Kibirizi

Vikao vya wafanyabiashara nilivyohudhuria Kigoma karibu vyote hufika mahali pamoja. Viongozi wetu wa mkoa wanasimama mbele, wanaeleza masoko ya nje, vyeti na taratibu, halafu mtu wa nyuma ananyoosha mkono: "Mwenyekiti, sisi huku mwisho wa reli tutauza nini nje?" Ukumbi mzima unamuunga mkono. Mimi nauza dagaa na unga, mwaka wa kumi na moja sasa, na ninaamini kwa dhati kwamba swali lile linatugharimu kuliko ushuru wowote. Kigoma inauza nje kila siku ya Mungu. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa inauzwa bila karatasi, haihesabiwi popote, na biashara isiyohesabiwa ni vigumu kuiombea gati, meli au mkopo.

Kwa hiyo naandika haya kwa wenzangu wa nyuma ya ukumbi.

"Kigoma ni mwisho wa reli"

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na walioijenga hawakukusudia safari iishie ufukweni. Meli ya Graf von Götzen, ambayo leo tunaiita MV Liemba, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha na kuletwa kuungwa hapa kwetu. Wajerumani walilitaka ziwa na nchi zilizo ng'ambo yake. Baada ya vita, mwaka 1921, Waingereza waliwekeana mkataba na Wabelgiji uliowapa maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma, yaliyojulikana kama Belbase, ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite bila kutozwa ushuru. Pango lake lilikuwa faranga moja kwa mwaka. Zaidi ya miaka 100 iliyopita wageni walikuwa wanagombea kuwa na gati hapa, nasi tuliozaliwa hapa tunajiita wa mwisho.

Ukisimama bandarini, Bujumbura iko karibu nawe kuliko Tabora. Uvira na Kalemie za Kongo ziko ng'ambo, na Mpulungu ya Zambia iko kusini kabisa mwa ziwa hili hili. Watu wa kule tunaelewana bila mkalimani: Kiswahili kinatosha Uvira na Kalemie, na Muha akiingia Burundi anasema Kiha chake, Mrundi anamjibu kwa Kirundi, na bei inapatikana. Hii ni mali, ingawa hakuna anayeiandika kwenye mpango wa biashara.

"Kuuza nje ni kontena la kwenda Ulaya"

Nenda Kibirizi, mwalo wetu wa maboti hapa Kigoma, asubuhi kabla jua halijawa kali. Maboti ya mbao yamefungwa ubavu kwa ubavu, kuli anapanda ubao mwembamba na gunia kichwani, ubao unanesa, maji yako chini yake. Kando utamkuta mama wa Kikongomani ameketi juu ya mzigo wake mwenyewe asije akabadilishiwa: unga wa muhogo, sabuni, mifuko ya chumvi ya Uvinza. Ana simu mbili, moja ya laini ya huku na nyingine ya kule. Amelipa fedha taslimu, jioni au kesho yake yuko kwao.

Kwa lugha ya forodha, unga ule ukishavuka mpaka ulio katikati ya ziwa umeuzwa nje, sawasawa na kahawa inayopanda meli Dar es Salaam. Ila muuzaji wake ameandika kwenye daftari la shule "Mama Baraka, gunia 40", akalifunga. Viongozi wetu wanapokwenda kuomba meli ya mizigo yenye ratiba, au kutetea tozo fulani ipunguzwe, wanabeba takwimu ambazo gunia zile 40 hazimo. Wanaonekana wanaombea mkoa usio na biashara.

"Ukishika karatasi, faida yote inaliwa na kodi"

Hili ndilo ninalolisikia zaidi, na ndilo lililonitia hasara mimi mwenyewe, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Kodi ya ongezeko la thamani hapa nchini ni asilimia 18, lakini bidhaa inayouzwa nje hutozwa kwa kiwango cha sifuri. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, umoja wa forodha umekuwapo tangu mwaka 2005, na bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya haitozwi ushuru wa forodha ikiwa na cheti cha uasili, yaani karatasi inayothibitisha imezalishwa wapi. Kwa sisi wadogo kuna utaratibu uliorahisishwa: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, ukiwa kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, unajaziwa cheti cha uasili pale pale mpakani na ofisa wa forodha, bila kulazimika kumlipa wakala. Wanaovukia Manyovu kwenda Burundi na maharage au unga ndio hasa waliofikiriwa.

Sasa weka kando ya hayo gharama ya njia ya panya. Unamlipa anayekuonyesha njia, unamlipa anayekesha na mzigo, unamwongeza mwenye boti kwa sababu anahatarisha chombo chake, na hakuna hata mmoja anayekupa risiti. Mwisho wa mwaka ukienda benki kuomba mtaji unaulizwa mauzo yako, unatoa daftari la shule.

Mwaka wangu wa tatu nilipeleka ng'ambo gunia 24 za dagaa kupitia mtu. Ankara niliiandika kwa mkono: "gunia 24". Zilikuwa lumbesa, zimeshonewa kamba juu mpaka zimevimba mabega. Upande wa pili wakauliza kilo. Hapakuwa na mizani, na mimi mwenyewe sikujua kilo zangu. Mzigo ukawekwa nje siku nne, siku mbili mvua ikanyesha. Nilipofungua gunia la kwanza mkono ulizama kwenye unyevu, na ile harufu sijaisahau. Sikuwa na cheti, sikuwa na hati ya chombo, sikuwa na pa kupeleka madai. Kilichoniponza ni kilo ambazo sikuziandika.

"Kongo imeingia Jumuiya, sasa kila kitu ni bure"

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikubaliwa mwezi Machi 2022, ikasaini mkataba Aprili 8, ikawa mwanachama kamili Julai 11 mwaka huo huo. Ni habari njema kwa Kigoma pengine kuliko mkoa mwingine wowote wa nchi hii. Lakini kuingia ni jambo moja, na kila ofisi ya mpakani kufuata taratibu zote za Jumuiya ni safari nyingine. Usifunge bei na mteja wako kabla hajaulizia kwao, bandari ile ile mtakayoshushia, wanatoza nini wiki hii. Isitoshe, kinachoondolewa na cheti cha uasili ni ushuru wa forodha. Kodi za ndani za nchi unayouzia na ada za huduma zinabaki.

Na neno "uasili" lina maana yake. Vitenge vilivyotoka China vikapitia Kariakoo havigeuki kuwa vya Tanzania kwa sababu vimelala usiku mmoja kwenye stoo ya Mwanga, hapa Kigoma mjini. Chumvi ya Uvinza ina uasili wetu, maharage ya Kasulu yana uasili wetu. Mfanyabiashara wa vitenge anaruhusiwa kufanya biashara yake, ila asitegemee msamaha ule ule.

"Mzigo ukipita bandarini kwetu, Kigoma imeuza"

Hapana. Shehena inayotoka Dar es Salaam kwenda Bujumbura au Kalemie ni mzigo wa kupita. Inawapa kazi kuli, mawakala, wenye malori na mama lishe, na ninaiombea iongezeke, hasa baada ya mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, kusainiwa Desemba 2022. Ila mkulima wa Buhigwe hauzi hata debe moja kwa sababu ya kontena lililopita. Tunapohesabu mafanikio tuyatenganishe haya mawili.

"Dagaa wa Kigoma wanajiuza wenyewe"

Jina wanalo, sikatai. Ukitaka kujua jina linafika wapi, kaa na mnunuzi wa jumla anayejua kazi yake. Haangalii gunia. Anachota konzi moja kutoka katikati, si juu ambako umepanga wazuri, anaitia kwenye beseni la maji safi, anasubiri. Kisha anaopoa dagaa na kuinamisha beseni taratibu akuonyeshe kilichobaki chini. Kikiwa mchanga, mazungumzo ya bei yameanza upya, na yameanzia chini.

Dagaa wanaoanikwa kwenye mchanga hubeba mchanga, hakuna dua ya kuzuia. Wanaoanikwa kwenye vichanja vilivyoinuliwa, hewa ikapita juu na chini, hukauka sawasawa, hubaki weupe wanaong'aa, na mnunuzi wa mbali huongeza pesa bila kubembelezwa. Mama zetu wanaoanika kwenye mwalo wa Katonga wanalijua hili kuliko mimi. Kinachowazuia ni mbao, nyavu na nafasi, na hapo ndipo ningependa kuona nguvu za viongozi wa biashara zikielekezwa.

Lingine ni mfululizo. Uvuvi wetu ni wa taa na giza, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika. Masika kuanika ni mashaka. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Niliumia kama wengine, na bado naona ilikuwa lazima, kwa sababu ziwa likiisha hakuna cheti kitakachotusaidia. Mnunuzi wa nje lakini anataka kujua Juni atapata nini. Bila ghala kavu na kikundi kinachoweka akiba kwa pamoja, tunamwahidi kitu ambacho hatuna.

Tazama kahawa ya Kalinzi, milima ile ile jirani na Hifadhi ya Gombe. Wakulima walipojifunza kuchuma zilizoiva tu na kuzisafisha vizuri, kampuni ya Green Mountain Coffee Roasters ya Marekani iliinunua na kuiuza kwa jina la Gombe, kwa kushirikiana na Taasisi ya Jane Goodall. Milima ilikuwepo siku zote. Kilichobadilika ni kazi ya mikono baada ya kuchuma.

"Tuwapelekee jirani mawese"

Rumonge, Burundi, wana michikichi yao, na Kongo ndiyo kabisa. Soko la mawese yetu liko nyumbani, kwa sababu Tanzania bado inaagiza mafuta ya kula kutoka nje. Kampeni ya michikichi iliyoanza mwaka 2018 na miche ya tenera, aina bora ya mchikichi, inayotoka kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga zinalenga huko, na ni sahihi.

"Viongozi wa chemba wanatafuta safari tu"

Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo, TCCIA, ipo tangu mwaka 1988, na mlango wake hauna kipimo cha utajiri. Inatoa vyeti vya uasili kwa masoko mbalimbali, wakati kile cha Jumuiya kinatolewa na TRA, mamlaka ya mapato. SIDO, shirika la viwanda vidogo, anakuandikia barua ya utambulisho ili TBS, shirika la viwango, wakupokee kama mjasiriamali mdogo. Mazao yanahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na samaki wana kibali chao idara ya uvuvi. Ofisi nyingi, ni kweli, na kazi ya kiongozi mzuri wa wafanyabiashara ni kumshika mtu mkono kuanzia mlango wa kwanza hadi wa mwisho.

Safari zenyewe zina faida ikiwa anayesafiri ni muuzaji. Nimewahi kwenda ng'ambo na ujumbe mmoja, tukapokewa vizuri, tukapiga picha. Mteja nilimpata siku ya pili, nilipoondoka hotelini na mfuko wa dagaa kilo mbili nikaenda sokoni kukaa na wauzaji. Yule dada ananunua kwangu mpaka leo. Ombi langu kwa viongozi wetu ni dogo: ujumbe ujao uwe na mwanikaji mmoja wa Katonga na mkulima mmoja wa maharage, na ratiba iwe na asubuhi moja ya sokoni.

Na wewe unayevuka na mzigo mdogo kwa mara ya kwanza, beba kitambulisho, namba yako ya mlipakodi, kibali cha bidhaa yako, na ankara yenye jina la mnunuzi, bei na tarehe. Kabla hujashona gunia, lipandishe kwenye mizani, andika kilo zake ubavuni kwa kalamu isiyofutika, kisha ziandike hizo hizo kwenye ankara.