GF30 kwenye kava la drili haimaanishi ngumu kiivyo

Watu wengi wakiona kava la drili limeandikwa PA6-GF30 wanasema hii haivunjiki, ina nyuzi za kioo. Sawa, PA6 ni aina ya nailoni, GF ni nyuzi za kioo, na hiyo 30 ni asilimia ya hizo nyuzi kwa uzito ndani ya nailoni, lakini haikwambii imepikwaje, na hapo ndo penye shughuli. Hata zile punje za plastiki zenye nyuzi ndefu, zinaingia kwenye mashine ya kuyeyushia na nyuzi za kama milimita 10 hivi, skrubu kubwa ya ndani inazisaga, ukiizungusha mbio halafu njia ya kuingilia kwenye moldi (kile kiolezo kinacholipa kava umbo) ikawa nyembamba basi nyingi zinatoka vipande visivyofika hata milimita moja, sasa nguvu itoke wapi? Mwingine hakaushi nailoni kabla ya kuiyeyusha, maji yanakata minyororo ya molekuli za plastiki, kitu kinatoka kizuri machoni ukikidondosha tu pwaa. Halafu cheki pembeni ya matundu ya kufungia, utaona kamstari kembamba kama unywele, hapo mikondo miwili ya plastiki ilikutana na nyuzi hazivuki, zimelala kufuata mstari. Ufa unapendaga kuanzia hapohapo, hata ungejaza kioo asilimia 50.